Mfuko Mezani: Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi. Gumato Guracha kwenye Dirisha la Dawa

Bi. Gumato Guracha anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kutoa dawa kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Miaka sita ya mwanzo alikuwa Wajir, alikozaliwa. Iliyobaki yote ameimalizia hapa hospitali ya Garissa, nyuma ya dirisha lile lile lenye vyuma vya kijani. Vyuma vimepakwa rangi mara nne katika muda huo. Yeye hajabadilika sana, ila miwani imeongezeka: ana ya kusomea, ana ya kuonea mbali, na ana ya tatu ambayo huiweka kichwani kisha akaitafuta nusu saa.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu katika wafanyakazi waliopo sasa, mimi ndiye niliyekaa naye dirishani muda mrefu zaidi. Jina langu ni Musyoka, mtu wa Mwingi, na nilifika hapa Januari 2017 nikiwa nimetoka chuoni na viatu vipya. Kamati ya sherehe ilitaka karatasi hii jana mchana. Imefika leo asubuhi, na sababu ya kuchelewa ni Bi. Gumato mwenyewe. Nitaieleza nikifika mwisho.

Alizaliwa katika boma la wafugaji Waborana, nje kidogo ya mji wa Wajir. Akiwa darasa la tatu tayari alikuwa msomaji wa dawa wa familia. Baba yake, Mzee Guracha, hakujua kusoma, na siku moja alimdunga ngamia mmoja dawa iliyopimwa kwa mbuzi kumi. Ngamia alilala siku mbili, akaamka, akaendelea na maisha yake. Gumato hakuisahau siku hiyo. Tangu hapo hakuna chupa iliyofunguliwa bomani kabla yeye hajasoma karatasi yake kwa sauti, mbele ya watu wazima waliosimama kimya wakimsikiliza. Kwa maneno yake mwenyewe, kazi alianza pale. Serikali ilichelewa tu kumlipa mshahara.

Alisomea dawa Nairobi, akaajiriwa tarehe mosi Septemba 1992, akarudishwa Wajir kama alivyoomba. Friji ya chanjo ilikuwa ya mafuta ya taa, na ni yeye aliyeamka alfajiri kukata utambi wake. Mvua za mwaka 1997 zilipokata barabara na lori la dawa likakwama wiki tatu, aligawa akiba iliyokuwepo kwa kuhesabu tembe moja moja, na mpaka leo hajawahi kuniambia kwamba ilikuwa kazi ngumu. Anachokumbuka ni kwamba lori lilipofika, nusu ya maboksi yalikuwa ya dawa ya kikohozi na hakuna mtu aliyekuwa akikohoa.

Alihamia Garissa mwaka 1998. Hapa ndipo walipomzoea na kuanza kumwita Eedo, yaani shangazi, watu wa rika zote, hata wazee wanaomzidi umri. Anazungumza Kiborana, Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, na Kikamba cha kutosha kunisalimia na kunisuta.

Michoro yake inajulikana kutoka mtaa wa Galbet hadi ule wa Iftin. Wateja wengi hawasomi, kwa hiyo kila pakiti ya dawa anaichorea: jua kwa asubuhi, mwezi kwa usiku. Zamani mwezi wake ulikuwa mwembamba, kama ule unaotazamwa kuamkia Idi. Kisha mama mmoja akarudi akalalamika kwamba presha haishuki, na ikagundulika kwamba alikuwa akikata tembe na kumeza kipande chembamba, kwa vile ndivyo mwezi ulivyochorwa. Kuanzia siku hiyo mwezi wa Bi. Gumato ni duara kamili. Ramadhani ikikaribia, michoro yote hubadilishwa. Jua na mwezi hupumzika, na mahali pake huja tende, maana yake wakati wa kufuturu, na kikombe, maana yake daku. Wiki mbili kabla ya mfungo, foleni ya kubadilishiwa michoro hufika kwenye lango.

Lakini kitu anachojulikana nacho zaidi ni neno moja: "Mwaga."

Wageni wa idara hii wanapaswa kuelezwa. Katika nyumba nyingi za hapa, dawa za familia nzima hukaa katika mfuko mmoja. Kuna za bibi, kuna za mtoto, kuna zilizotumwa na binamu aliye ng'ambo, kuna za jirani ambaye zilimsaidia naye akaona si vizuri kujifaidia peke yake. Mgonjwa akiulizwa anameza nini husema ile nyeupe, na ile nyeupe nyingine. Kwa hiyo Bi. Gumato hakuuliza. Kila Alhamisi, wenye maradhi ya kudumu walikuja na mfuko wao, wakaumwaga juu ya meza, naye akachambua tembe moja baada ya nyingine kama mtu anayechagua mchele. Siku hiyo tuliiita Mfuko Mezani. Nilipofika niliona ni kupoteza muda, na nilimwambia hivyo. Aliniangalia kwa miwani ya kuonea mbali, ingawa nilikuwa karibu.

Sasa nieleze kisa ambacho wenzangu wengi wanakijua nusu. Mwenye kisa, Mzee Deeq, amenipa ruhusa kukiandika, kwa sharti kwamba nitaje kuwa pikapu yake ni nyeupe na haijawahi kumlaza njiani.

Mzee Deeq ni dereva wa barabara ya Wajir, anakaa Galbet. Mwaka 2016 alipata mshtuko wa moyo. Alipotoka wodini alipewa, pamoja na nyingine, statini, ambayo sisi dirishani tunaiita dawa ya mafuta: hushusha kolesteroli, na kwa mtu aliyewahi kupata mshtuko huo ni dawa ya kumeza kila siku bila likizo. Alimeza vizuri. Mwezi wa pili mwaka 2017 alirudi akipiga chafya na macho yanawasha kwa vumbi. Daktari akamwandikia dawa ya mzio, tembe moja kwa siku. Karatasi ikaja dirishani. Dirishani nilikuwa mimi, wiki yangu ya nne kazini, na Bi. Gumato alikuwa stoo akipokea mzigo.

Chuoni nilikuwa nimesikia habari ya dawa za mzio za zamani zilizoondolewa sokoni kwa sababu zilisumbua mapigo ya moyo zikikutana na dawa fulani. Nililikumbuka somo hilo nusu. Nikaona jina la mgonjwa wa moyo, nikaona mzio, nikaogopa. Badala ya kupiga hatua ishirini hadi stoo kuuliza, nilijipa ujuzi nisiokuwa nao. Nikamwambia Mzee Deeq asichanganye hizo mbili. Aiweke kando dawa ya mafuta kwanza, chafya zikiisha airudie.

Mimi ni wa Mwingi. Kwetu mtu hupiga chafya wiki mbili, mvua ikanyesha, ikaisha. Sikujua kwamba Garissa vumbi halina tarehe.

Miezi mitatu baadaye, wiki ya foleni ya Ramadhani, mke wake Rahmo alikuja kubadilishiwa michoro. Mume alikuwa safarini Wajir. Bi. Gumato alisema neno lake, Rahmo akamwaga mfuko, na juu ya meza zikalala pakiti tatu za dawa ya mafuta, nzima, hazijafunguliwa. Bi. Gumato aliuliza kwa utaratibu ni kwa nini. Rahmo akanielekezea kidole bila ubaya wowote.

"Huyo kijana ya Mwingi alisema asichanganye. Angoje mbaka chafya iishe. Sasa chafya imekataa kuisha, Eedo."

Bi. Gumato hakunigombeza. Alichukua simu akampigia Mzee Deeq, hakupatikana, akapiga tena kila baada ya wateja wawili hadi baada ya adhuhuri, alipopatikana akiwa soko la ngamia Wajir. Alimwuliza anajisikiaje. Akajibu ni mzima, ila wiki mbili hizi akibeba gunia kifua kinabana kidogo, na yeye anadhani ni vumbi. Bi. Gumato alimwambia ampe mwenzake ufunguo wa pikapu na aende hospitali saa ile ile, asiendeshe, asibebe kitu. Alisema kwa Kisomali, lakini hata mimi nilielewa kwamba halikuwa ombi.

Walimlaza siku tano. Mshipa ulikuwa umeanza kubana tena. Daktari alisema wazi kwamba hawezi kuapa ni kwa sababu ya dawa iliyoachwa, lakini miezi mitatu bila kinga kwa mtu kama yule haikumsaidia kitu. Zile siku tano sikula vizuri. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne na nilikuwa nikihesabu kama nimeua mtu.

Mzee Deeq aliporudi, Bi. Gumato alinipeleka nyumbani kwa mzee huyo, Galbet. Njiani niliomba yeye ndiye aeleze. Nikasema tuseme idara ilikosea. Akasimama kivulini, akavua miwani.

"Idara haina mdomo," akasema. "Utasema nilikosea. Si tulikosea."

Nikasema nilikosea. Mzee Deeq alinisikiliza hadi mwisho, akamimina chai, akanipa kikombe cha kwanza.

"Warya Musyoka," akasema, yaani wewe kijana, "uliniambia ningoje chafya iishe. Wallahi, hapa Garissa chafya inaisha siku mtu anazikwa. Ulitaka niitafute hiyo siku?"

Rahmo alicheka hadi akafunika uso. Mimi sikucheka siku hiyo. Nimecheka miaka ya baadaye, kila anapokuja dirishani na kupiga chafya kwa makusudi.

Bi. Gumato alikuwa na daftari la makosa, lenye jalada jekundu, na kila kosa la dirishani huandikwa humo na jina la mkosaji. Nilipolifungua kuandika langu, nilikuta ameshaandika mstari wa kwanza kwa mkono wake: Gumato Guracha, nilimwacha mgeni peke yake dirishani. Chini yake alikuwa ameacha nafasi yangu.

Kutokana na kisa hicho alibandika ukutani karatasi ambayo mpaka leo ipo, na kwa kuwa wasifu huu utasomwa na watu wengi leo, ataridhika nikiirudia. Dawa ya mafuta na dawa za mzio zinazotumika sana siku hizi, kama setirizini na loratadini, kwa kawaida humezwa na mtu mmoja bila shida, na hakuna haja ya kuacha moja ili kunywa nyingine. Piritoni, nayo ya mzio, haigombani na dawa ya mafuta, lakini inaleta usingizi, na dereva wa Wajir hafai kusinzia. Zile tembe za mafua zilizochanganywa na dawa ya kufungua pua zinaweza kupandisha presha, kwa hiyo mgonjwa wa moyo aulize kwanza. Anayemeza dawa ya mafuta akiona misuli inauma au inalegea bila sababu, au mkojo umekuwa mweusi, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Zinazogombana kweli na baadhi ya statini ni nyingine: antibiotiki kama klarithromaisini na erithromaisini, baadhi ya dawa za fangasi, hata juisi ya balungi ikizidi. Na mstari wa mwisho, aliouandika kwa herufi kubwa, unasema kwamba mtu akiambiwa asimamishe dawa, aulize ni mpaka tarehe ngapi.

Katika miaka iliyofuata, Mfuko Mezani ilichukuliwa na vituo vingine saba, na Bi. Gumato alikwenda kufundisha kila kimoja, akisafiri na thermosi yake ya chai ya maziwa ya ngamia kwa sababu haamini chai ya mtu mwingine. Amefundisha wanafunzi kumi na wanane wa mazoezi. Wote waliogopa wiki ya kwanza, na wengi wamepiga simu wiki hii. Hakuwahi kuchelewa kazini, isipokuwa siku moja aliyotafuta miwani iliyokuwa kichwani, na siku hiyo alijiandika daftarini.

Nafika sasa kwenye sababu ya kuchelewa kwa karatasi hii. Jana ilikuwa Alhamisi, Mfuko Mezani yake ya mwisho. Saa nne asubuhi alivua koti jeupe, akatoka, akazunguka hadi mbele, akachukua namba arobaini na moja, akakaa kwenye benchi na wateja. Watu walicheka, mimi pia. Nilijua ni utani wa kuaga. Zamu yake ilipofika alikuja dirishani, nikamwambia, "Mwaga, Eedo," naye akafungua leso na kumwaga.

Kulikuwa na simvastatini, moja ya zile statini, ambayo hata mimi sikujua kwamba anaimeza, na wala haikutoka dirishani petu. Kulikuwa na setirizini, kwa maana vumbi halimwonei haya mtu wa dawa. Na kulikuwa na bamba la tatu, lenye tembe mbili zilizokwisha tolewa. Nilikuwa bado natabasamu nilipolisoma jina. Ilikuwa klarithromaisini, ile ya kwenye karatasi yake ya ukutani.

Nilimwuliza ameianza lini. Akasema Jumatano jioni, kifua kilikuwa kinamsumbua, alipitia duka la dawa akielekea nyumbani Iftin. Nikamwuliza kama walimwuliza anameza nini kingine. Hapo utani ulimtoka usoni nikiuona unatoka.

"Hawakuuliza," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Na mimi sikusema. Mimi, Musyoka."

Nilimwuliza kuhusu misuli, nikamwuliza kuhusu mkojo, mbele ya foleni, kama alivyonifundisha kuuliza kila mtu. Vyote vilikuwa sawa. Safari hii sikujipa ujuzi. Nilimwita Dkt. Wahu, akaja, akampima kifua, akasema antibiotiki ni ya lazima na aimalize, setirizini iendelee, na dawa ya mafuta ndiyo ipumzike kwa sasa. Akataja siku ya kuirudia.

Nilichukua pakiti ya simvastatini. Nikachora mwezi wa duara, nikaukata kwa mstari. Chini yake nikachora mwezi mwingine mzima, na kando yake nikaandika tarehe. Mchoro haukuwa mzuri. Alivaa miwani ya kusomea, akaangalia kwa muda mrefu kuliko mchoro ulivyostahili, kisha akaniuliza kwa sauti ya Rahmo kabisa, "Mbaka chafya iishe?"

"Hapana, Eedo," nikamjibu. "Mpaka Alhamisi tarehe sita."

Akatikisa kichwa kukubali, akafunga leso. Halafu akanyoosha mkono kupitia vyuma vya kijani akaomba daftari jekundu, na akaandika akiwa amesimama upande wa wateja: Gumato Guracha, sikusema ninachomeza. Ndiye aliyeniamuru kosa hilo niliweke hapa pia. Baada ya hapo nilikwenda stoo nikalia kidogo, na sioni haya kuliandika.

Bi. Gumato, tunakushukuru kwa jua na mwezi, kwa tende na kikombe, na kwa kuacha nafasi ya jina langu chini ya lako. Mwenyezi Mungu akujalie afya, usingizi mzuri na miwani isiyopotea. Kaishi vyema na watu wako, na chai yako iwe ya moto siku zote.

Alhamisi ijayo ni tarehe 6 Novemba. Njoo na mfuko. Nitakuwa dirishani.